Pembe Nane

Cherehani yangu iko barazani kwa Athieno, hapa Tororo,
njia ya kiwanda cha saruji inapokutana na ile ya Malaba.
Mbele yangu, hatua kumi na moja, nimepima,
kuna kibao chekundu cha pembe nane.
Kimeinama tangu lori la chumvi lilipokikumbatia mwaka juzi.
Neno lake limepauka; vumbi la saruji limelipaka poda
kama bibi harusi aliyesahauliwa kanisani.

Miaka sita nakaa nacho.
Nakijua kuliko wanaopaswa kukijua.

Wapo wanaokisalimu kwa breki: mguso mmoja,
gari linainamisha pua, kisha linakwenda zake.
Hao hujiita wastaarabu.
Wapo wa honi. Wanaanza toka mbali, pii piii,
maana yake: nimeshasema, atakayegongwa kajitakia.
Bwana Emuron, daktari wa mifugo, hutazama kushoto tu;
kulia amemwachia Mungu.
Magari ya wakubwa hayakioni. Vioo vyao vyeusi,
labda mle ndani ni usiku daima.
Na Obbo wa bodaboda ananicheka:
"Mama, kile ni cha magari. Pikipiki ikisimama inaanguka."

Lakini trafiki akiwepo, ah!
Siku hiyo kila mtu ana mguu wa kulia.
Sare nyeupe inang'aa kwenye ukuta wa duka la mbolea,
na madereva wananyoosha migongo, wanavuta mikanda,
mmoja hata alinisabahi, mimi,
niliyekuwa kwake nguzo miaka yote.
Saa nane afisa huenda kula.
Kibao hubaki, kinasema neno lile lile,
ila nani husikiliza neno lisilo na kitabu cha faini?

Jumanne moja, kazi haba, nilihesabu.
Kifungo cheupe koponi kwa aliyesimama,
cheusi kwa aliyepita.
Kufika alasiri vyeusi vimeniishia, nikaingia vya kahawia.
Vyeupe vilikuwa vitatu.
Wa kwanza gari lilimzimikia.
Wa pili alitaka kuulizia hospitali.

Wa tatu alikuja usiku, nafunga mashine,
Ekirapa, na lori lake la ng'ombe.
Njia tupu, hata mbwa hakuna.
Akasimama. Kabisa.
Ng'ombe wakasukumana mbele, wakarudi nyuma, wakatulia.
Akatazama huku, akatazama kule, akatazama huku tena.
Nikamwendea na taa yangu:
"Unamsimamia nani?"
Akafikiri, kama mtu aliyeulizwa jina la bibi yake.
"Sijui, mama. Mguu umezoea.
Nikiuachia usiku, mchana utanidai."

Wiki nzima nilimhubiri Ekirapa.
Nilipima viuno nikipima na dhambi,
mkasi mkononi, pini mdomoni:
watu wa mji huu, mnashindwa na mchunga ng'ombe!

Kisha Jumamosi. Baiskeli ya mwanangu,
gauni la harusi limefungwa nyuma kwa mpira,
kengele ya kanisa imeshalia mara mbili.
Nikaushuka mteremko wa kiwanda.
Kibao nilikiona. Hilo ndilo linaloniumiza:
nilikiona vizuri, hata msumari wake wenye kutu.
Nikajiambia njia ni tupu, na mimi ni baiskeli tu,
na leo ni leo.

Kutoka upande wa Malaba akaja Bwana Emuron,
kichwa kimegeukia kushoto kama kawaida.
Nami nilikuwa kulia kwake,
upande ule aliomwachia Mungu.

Mungu alikuwepo, kidogo.
Goti limechubuka. Gauni lilipata alama ya tairi kwenye pindo;
nikalikunja ndani, nikashona, bibi harusi hajui mpaka leo.
Daktari alitetemeka kuliko mimi.
Hatukulaumiana. Tungeanzia wapi?

Kopo bado liko juu ya cherehani.
Jumatatu nilitia kifungo kingine cheusi.
Kikubwa, cha koti.